Uso wa Mama Chancelvie

Mwezi wa sita, Lubumbashi ikiwa na ile baridi ya kutafuna masikio, watu wa mtaa wa Naviundu huvaa jaketi juu ya jaketi, na hata mbwa hawabanduki karibu na mbabula yenye makaa. Mado peke yake ndiye aliyekuwa akijipepea kwa mfuniko wa sufuria. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusonga bukari, ugali wa huko, akamsikia Laurent mumewe akitaja jina moja tu, na moto ukampanda kutoka kifuani, ukapita shingoni, ukafika hadi kwenye mizizi ya nywele. Jasho likamtoka kama mtu aliyebeba gunia.

"Rudilia," akasema. "Nani njo atakuya?"

"Kapya." Laurent alikuwa akinawa mikono, na aliinawa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Chancelvie alimuita yeye mwenyewe ku telefone. Iko mama yake, Mado. Mutoto anaolewa, tutamukatalia namna gani?"

Iko mama yake. Haya basi, limesemwa. Kapya alimzaa Chancelvie kabla Laurent hajamwoa Mado, kisha akarudi kwa ndugu zake Kilwa, huko kando ya ziwa Mweru, akamwacha mtoto kwa baba. Mado alipoingia katika nyumba hii alimkuta msichana wa miaka miwili, kamasi puani, akamfuta, akambeba, na tangu siku ile hakumtua. Yeye mwenyewe hakuzaa. Mungu hakumpa, na sasa mwezi wake ulikuwa umekatika kabisa, kwa hiyo hata ule mlango wa kujidanganya ulikuwa umefungwa. Lakini avenyu nzima ilimwita Mama Chancelvie, na wengine hawakujua kwamba ana jina jingine. Mtu akigusia mambo ya damu, Mado alikuwa na jibu lake tayari: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Watu walikubali, maana kukubali ni bure.

"Na asubuhi ya mariage," akauliza, "nani atamupakala mafuta?"

Laurent akaitazama bukari kana kwamba jibu limefichwa humo. Katika ukoo wao, asubuhi binti anapoondoka nyumbani, mama humwingiza chumbani, hufunga mlango, humpaka mafuta kwa mikono yake mwenyewe kuanzia kichwani hadi nyayo, na humwambia maneno ambayo hayatoki nje ya chumba kile. Ni mama mmoja. Shughuli ile haina nafasi ya mikono minne. Mado alikuwa akiisubiri tangu siku za kumwogesha Chancelvie katika karai.

"Hiyo ni mambo ya banamuke," Laurent akasema. "Mutapatana."

Wanaume bwana! Nyumba ikianza kufuka moshi, huwa ni mambo ya wanawake.

Jioni ile Mado akaomba simu ya Chancelvie, akasema anataka kutazama mitindo ya vitenge, na akaenda moja kwa moja kwenye picha ya Kapya. Mwanamke mrefu amesimama mbele ya samaki waliotandazwa juani, kichwani kofia pana ya majani, uso wote umo kivulini. Mado akaivuta picha kwa vidole viwili, akaivuta tena, hadi ule uso ukawa vipande vya rangi visivyosema kitu. Akajifariji. Mtu wa jua na moshi wa samaki, atakuwa amekauka kama ndakala, wale dagaa wa sokoni. Lakini hakuwa na hakika, na wivu ni mgeni asiyengoja kufunguliwa mlango.

*

Aliyempeleka kwa Mama Kiki alikuwa Lombe, dada yake Laurent, mwanamke mwenye ulimi usiolala.

"Mulamu, hapana kukasirika," Lombe alimwambia wakiwa njiani kwenda sokoni. "Lakini umezeeka mbele ya macho yetu. Ule mwingine akifika, bantu batalinganisha. Bantu ni babaya, unabajua."

Mado alikasirika, akaongeza mwendo.

Mama Kiki alikuwa na kibanda nyuma ya wauza mboga, na kazi yake ilikuwa kuchanganya. Alikuwa na karai la bluu. Humo alimimina losheni ya chupa, akakamua tyubu hii na tyubu ile, akanyunyiza unga kutoka mfuko usio na jina, akakoroga kwa mwiko kama mtu anayepika uji. Harufu yake ilikuwa nusu ya saluni na nusu ya sabuni ya choo. Ndani mlikuwa na nini hasa, hakuna aliyejua, na sidhani kama Mama Kiki mwenyewe alijua. Alipomaliza akajaza kopo, kisha akasokota karatasi yenye vidonge vidogo vyeupe.

"Hii crème, asubuhi na mangaribi. Hii dawa, kimoja asubuhi, kimoja mangaribi. Chakula itakuita yenyewe. Mashavu itajaa, matako itajaa. Utakuwa bebe."

"Haina mubaya?" Mado akauliza.

"Mubaya ni kuzeeka," Mama Kiki akasema, na wateja wote wakacheka.

Mado akalipa kwa pesa aliyoiweka ya viatu vya harusi. Akajiambia kwamba viatu hakuna anayevitazama.

Na mwanzoni, tusimnyime haki yake, dawa ilifanya kazi. Wiki chache tu, uso ukang'aa, mikunjo ya chini ya macho ikajaa, wauza mkate wakaanza kumwita "ba mama mweupe". Laurent akamtazama mara mbili wakati wa kula. Mara mbili! Kwa mwanamume aliyeoa miaka ishirini na zaidi, hayo ni maua. Ni Chancelvie tu aliyekunja uso. Alirudi kutoka kwenye duka la simu alikofanya kazi, akasimama mlangoni bila kuvua mkoba.

"Mama, unapakala nini? Hii rangi haiko yako."

"Rangi ya ule mama yako wa Kilwa njo yako?" Mado akajibu.

Maneno yalimponyoka. Chancelvie akaingia chumbani kwake, na siku ile hakula.

Uzuri wa kununua hudai deni lake. Vifundo vya vidole vikakataa kuufuata uso, vikabaki vyeusi, na masikio nayo. Uso ukajaa kupita kiasi, ukawa mviringo, macho yakazama. Kidevuni zikaota nywele ambazo Mado alizing'oa kila asubuhi kwa kibano kabla Laurent hajaamka. Akitoka juani, mashavu yaliwaka kama yamepakwa pilipili. Ule moto wa kifuani nao haukwenda popote, ulikuja na kuondoka upendavyo, na usingizi ukamhama. Mado afanye nini? Akaongeza kipimo. Mtu akishapotea njia, hukaza mwendo.

*

Kapya alifika kwa lori la samaki, wiki mbili kabla ya ndoa, amejaa vumbi jekundu kutoka kope hadi viatu. Alishuka na gunia la samaki wakavu na ile kofia ya kwenye picha. Jirani mmoja, hajui hili wala lile, akapita na ndoo, akasalimu: "Jambo, Mama Chancelvie!" Wanawake wawili wakageuka kwa pamoja.

Kisha Kapya akanawa uso pale bombani, na Mado akaona kile alichokuwa amekitafuta kwenye simu.

Alikuwa mweusi, mweusi wa rangi moja kutoka kipaji hadi shingo. Alimzidi Mado miaka miwili. Mikunjo alikuwa nayo, tena mingi pembeni mwa macho, lakini ilikaa pale kama watu wa nyumba hiyo, haikumsumbua wala hakuisumbua. Laiti angekuwa mbaya! Mado angempenda siku ile ile, angempa kitanda chake.

"Unapakalaka nini?" Mado akauliza. Alikuwa bado hajampa mgeni maji ya kunywa, na Lombe aliyekuwa pembeni akaguna.

Kapya akacheka. "Miye? Mafuta ya mawese, na kofia. Kule ku ziwa jua inakupiga mara mbili, juu na ku maji. Mama yangu alivalaka kofia, na miye navaa. Na maji ya Mweru. Maji ya Mweru njo inatengenezaka muntu."

Mado hakuamini hata neno moja. Mwanamke mwenye siri, kitu cha kwanza anachokutajia ni maji. Usiku mgeni alipolala alipekua mkoba wake, akakuta kitana, Biblia ndogo na kikopo cha mawese kweli. Akakifunga. Alikasirika zaidi kuliko kama angekuta dawa.

Siku zilizofuata zilikuwa za kumla mtu nyama. Chancelvie na Kapya waliketi uani wakichambua sombe, yale majani ya muhogo, na kumbe walikuwa na mikono ile ile, vidole virefu, kucha ndefu za asili. Walicheka kwa namna moja, wakitupa kichwa nyuma. Mado alikuwa jikoni, anapika kwa ajili yao, anawaona dirishani. Hakuna aliyemfundisha Chancelvie kucheka vile. Mado mwenyewe alicheka kwa kufunika mdomo, na alikuwa ameamini miaka yote kwamba mtoto ndivyo alivyo tu.

Kilichommaliza ni huruma. Jioni moja Kapya alimfuata jikoni, akamtazama usoni kwa taa ya simu, maana umeme ulikuwa umekatika, akasema kwa upole kabisa: "Mama Mado, uko mugonjwa?"

Angesema "uko mubaya" ingekuwa nafuu. Mado akangoja watu walale, akachukua kopo na karatasi ya vidonge, vile vyote vilivyobaki, akavitupa chooni. Akajisikia vizuri sana, kama mtu aliyefukuza mwizi. Hakujua, na nani angemwambia, kwamba dawa ile haiachwi kwa siku moja.

Kesho yake miguu ilikuwa mizito. Keshokutwa alitapika, akasema ni uchovu wa maandalizi. Siku ya tatu Kapya akapika samaki wa Kilwa kwa nyanya na vitunguu, akapakua mwenyewe, akamletea Mado sahani yake mkononi. Mado alikula nusu, akasimama kuchukua maji, nyumba ikazunguka, na alipoanguka alivuta na kitambaa cha meza.

*

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini Mado alikuwa bado ana nguvu za kuficha.

Daktari wa kliniki walikomkimbiza alikuwa mwanamke wa Kikasai, Daktari Ngalula, mfupi, mwenye miwani, asiyependa kelele. Aliwatoa wote nje ya chumba. Hata hivyo sauti ya Lombe ilipenya ukuta: "Shiye bote tulikula, ndiyo. Lakini sahani ya Mado, nani njo alipakula? Munijibu hiyo tu."

"Mama," daktari akasema, "unakunywaka dawa gani?"

"Hakuna, docteur."

Daktari akauchukua mkono wake, akaugeuza, akavitazama vile vifundo vyeusi kwenye mkono mweupe. Akatazama kidevu. Akabonyeza ngozi ya mkono kwa kidole, ngozi ambayo ilikuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia sigara. Akapima presha, akapima tena.

"Docteur ya uongo njo angekuamini," akasema. "Tension yako iko chini sana. Kama sijui kitu unakunywa, naweza kukupoteza hapa. Sema."

Mado akasema. Alisema kwa kunong'ona, uso ameelekeza ukutani, kuanzia karai la bluu hadi chooni. Daktari hakupiga kelele wala hakutikisa kichwa. Alimwita muuguzi, dawa ikaingia kwenye mshipa, ndipo akavuta kiti.

"Vile vidonge, mwili yako iko na yake yenye inatengeneza yenyewe. Ukiikunywa mingi ya nje, mwili inasema: basi, mi napumzika. Ile siku unatupa yote, ya nje hakuna, ya ndani imelala. Njo ulianguka. Tutakupa tena, na tutapunguza polepole, majuma na majuma, paka mwili iamuke. Unaelewa? Hapana kuacha tena peke yako. Na ile crème, iko na dawa sawa ile ile ndani, na bintu bingine byenye sipendi kujua. Utakuya kwa ile pia, tutaiacha na akili."

"Uso yangu itarudi?"

"Mingi itarudi. Hapana yote, na hapana kesho. Ukificha ku jua, ukipakala mafuta ya kawaida, ukingoja."

Mado akamtazama. Shingo ya daktari ilikuwa laini, jamani, hata hapa kitandani na sindano mkononi aliiona. "Docteur, weye uko na miaka ngapi?"

"Nakupita."

"Na unapakalaka nini?"

Daktari Ngalula akacheka kwa mara ya kwanza. "Crème ya jua asubuhi, mafuta mangaribi. Lakini uso haiko kazi yote. Natembea kwa miguu, nalala mapema nikiweza. Na ule moto wako, mama, miye pia ninayo. Mwaka jana nilikuwa natoka mu consultation, naenda kujimwangia maji ku mikono. Haiko ugonjwa, ni mwezi kukatika. Kama inakuzidi, dawa iko. Kuna hormone kwa benye inabafaa, lakini tunapima kwanza, tunauliza kama mu famille kulikuwa kansa ya maziwa, damu kuganda, tunachagua. Haiko kitu ya kusokota mu karatasi. Na hata ile haikurudishe miaka makumi tatu. Nani alikuambia makumi tano ni mubaya?"

Mado akataka kumjibu kwamba ni Mama Kiki, akaona haya. Akauliza kilichokuwa kikimuuma zaidi. "Utabaambia?"

"Miye? Siri ya mugonjwa iko ya mugonjwa. Weye njo utasema, ukitaka."

Basi ona mambo. Mado alikuwa amepewa kila kitu kwa siku moja: uhai, dawa, na ukimya. Lombe alipoingia, macho yamemtoka, akainama sikioni mwake: "Mulamu, docteur anasema ni sumu?"

Mado akafumba macho.

"Sijui," akasema. "Tangu ile samaki..."

Hakumaliza. Kwa Lombe, sentensi isiyokwisha ndiyo tamu zaidi.

*

Kikao cha familia kilifanyika sebuleni, siku mbili kabla ya ndoa. Mado aliwekwa kwenye kiti kizuri, blanketi magotini. Laurent kando yake, Lombe mbele, Chancelvie mlangoni amefunga mikono. Kapya alipewa kigoda, kile cha jikoni, na akakikalia.

Lombe alisema mengi. Alisema watu wa ziwa wanajua mitishamba. Alisema mtu hawezi kukaa kimya miaka yote, halafu siku ya mavuno ndiyo anakuja na gunia. Kapya alisikiliza, mikono juu ya mapaja.

"Kama ni miye," akasema mwishowe, "nife hapa mbele ya mutoto wangu. Sina kitu ingine ya kusema."

"Mama." Chancelvie hakuwa akimtazama Kapya. Alikuwa akimtazama Mado. "Mama, sema kitu."

Mado akavuta blanketi. Ni kukaa kimya tu, akajiambia. Kukaa kimya si kusema uongo. Siku mbili, ndoa, mlango wa chumba unafungwa, mafuta yapo mikononi mwake, halafu Mungu na yeye watazungumza. Alimtazama Kapya pale chini, na hata pale chini, kwenye kigoda cha kumenyea viazi, uso wake ulikuwa mzuri. Huruma iliyokuwa imeanza kuchomoza ikarudi ndani.

"Basi," Laurent akasema, amechoka. "Kwa amani ya mariage, Kapya arudi kwao. Kesho lori iko. Lakini hapana peke yake. Mama ya mutoto wangu, simutume na haya sawa kifurushi. Mi mwenyewe nitamupeleka paka Kilwa kwa bakaka yake, nibaelezee. Hata mariage tuisogeze juma moja."

Mado aliinua kichwa.

Njia ya Kilwa! Nani asiyeijua njia ya Kilwa? Lori likikwama, linakwama kweli, watu wanashuka, wanawasha moto, wanalala kando ya barabara wakingoja kusukumwa. Akamwona Laurent kando ya moto huo, jaketi lake amemfunika mtu mwingine. Akauona ule uso kwa mwanga wa moto, bila kofia. Moto wa kwake nao ukampanda, kifuani, shingoni, kwenye nywele, na kwa huu Daktari Ngalula hakuwa na dawa.

"Haiko samaki," akasema.

Wote wakageuka.

"Haiko samaki, na haiko Kapya. Ni miye. Nilikunywa vidonge vya Mama Kiki, nilipakala dawa yake. Nilitupa vyote mara moja, njo nilianguka. Docteur anajua. Lombe anajua fasi tuliinunua."

Lombe akapiga makofi mara moja, akabaki na mikono hewani. Laurent akamtazama mke wake, akautazama mkono wake mweupe na vifundo vyake vyeusi, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa pale siku nyingi. "Ju ya nini, Mado?" akauliza taratibu, na hilo swali lilimuuma kuliko kama angempiga.

Chancelvie ndiye aliyesimama mbele yake. Hakupaza sauti.

"Ulimuona anakaa pale chini. Ulimuangalia, ukanyamaza."

"Mutoto wangu..."

"Mafuta," Chancelvie akasema, "Mama Kapya njo atanipakala."

Akatoka. Hivyo ndivyo Mado alivyopoteza kile alichokuwa amejiunguza kukilinda, na hakuwa na wa kumlaumu.

Baadaye alimkuta Kapya uani, anaanua nguo kwenye kamba. Alitaka kumwomba radhi, badala yake akachukua ncha ya shuka wakalikunja pamoja.

"Mi najua ju ya nini ulisema," Kapya akasema.

"Ju ni kweli."

"Ju ya njia ya Kilwa." Kapya alilaza shuka juu ya bega. "Laurent asingesema ataniongoza, ungeniacha niende."

Mado angeweza kukana. Alikuwa amekana mengi wiki ile. "Ndiyo," akasema.

Kapya akatikisa kichwa polepole. Hakumsamehe, asidanganywe mtu, lakini alimwachia kikapu cha vibanio akishike.

*

Asubuhi ya ndoa baridi ilikuwa kali na umeme hakuna. Mado aliamka kabla ya wote, akameza dawa yake aliyopangiwa na daktari, akajifunga kitambaa kichwani, akachemsha maji kwenye mbabula. Hakuna aliyemwomba. Aliyabeba hadi mlangoni mwa chumba cha Chancelvie, akabisha, akaisukuma ndoo ndani, akarudi nyuma. Mlango ulibaki wazi nusu, maana bila taa Kapya alihitaji mwanga wa dirisha la ukumbini. Mado akakaa kwenye kiti cha ukumbini. Alijiambia analinda watoto wa majirani wasipite.

Aliona, bila shaka aliona. Chancelvie ameketi kitandani amejitanda kitenge, mgongo wazi. Kapya amepiga magoti nyuma yake, mafuta kiganjani. Mikono yake ilikwenda taratibu, shingo, mabega, na midomo yake ilikuwa ikisema maneno ambayo Mado hakuyasikia na hakupaswa kuyasikia. Wivu ulikaa naye pale ukumbini kama ndugu aliyekuja kulala. Halafu mikono ya Kapya ikashuka chini ya bega la kushoto, ikakaza.

"Polepole hapo," Mado akasema.

Ilimtoka yenyewe. Mikono ikasimama. Kapya akainama, akasogeza mgongo wa binti upande wa mwanga. Pale palikuwa na kovu pana, laini, linalong'aa kidogo, umbo la jani la muhogo.

"Hapa ni nini?" Kapya akauliza.

"Nilichomwa," Chancelvie akasema. "Mi sikumbuki. Nilikuwa mudogo."

"Lini? Na nini?"

"Sijui, mama. Mama njo anajua."

Kapya akageuza kichwa kutazama ukumbini, na Mado akauona uso wake. Ule uso mweusi, wa rangi moja, uliomnyima usingizi miezi miwili, ulikuwa umevunjika. Midomo imebana, macho yanatafuta, shingo imekakamaa. Mado aliujua uso huo. Alikuwa ameuvaa mwenyewe, kila siku, dirishani pa jikoni.

Alikuwa ameiota siku ya kuuona ukiumia, na kwa pumzi moja alifurahi, tuseme ukweli, alifurahi hadi moyo ukaruka. Kisha akauona mkono wa Kapya, umebaki juu ya lile kovu, haujui uendelee au uondoke. Akasimama. Akaingia, akangoja Chancelvie amfukuze. Chancelvie hakumfukuza, wala hakugeuka. Mado akafunga mlango, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Alikuwa na miaka mine," akamwambia Kapya. "Alivuta sufuria ya uji, ikamumwangikia ku mugongo. Alilia, ungemusikia. Hakuweza kulala ku mugongo, hakuweza kulala ku mbavu. Nilimulaza juu ya kifua yangu, kila siku, paka ngozi ilikauka."

"Ku kifua yako," Kapya akasema.

"Ku kifua yangu. Sasa pale hapana kukaza na vidole, inamuuma kama baridi iko. Banapakalaka na kiganja. Leta mukono."

Kapya akafungua kiganja.